Benjamin Wawili wa Philadelphia

Wanangu, leo nawasimulia habari za wanaume wawili walioishi mji mmoja, wakati mmoja, wakiitwa jina moja. Wote wawili ni Benjamin. Wa kwanza, sura yake ingaliko hadi leo kwenye noti ya dola 100 ya Marekani. Wa pili alikuwa mfupi sana, mwenye kibyongo, akiishi pangoni, na majirani wengi walimdhania kuwa na wazimu. Tuanze na yule wa kwenye noti, maana yeye aliwahi kujaribu jambo ambalo wengi wetu tumelitamani: alitaka kuwa mtu mwema kabisa, asiye na kosa hata moja.

Benjamin Franklin alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa 15 wa baba aliyetengeneza mishumaa na sabuni. Akiwa kijana alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha kupiga chapa cha kaka yake. Wakagombana, naye akatoroka. Mwaka 1723, akiwa na miaka 17, alishuka Philadelphia amechoka na njaa inamuuma. Akanunua mikate mitatu mikubwa, miwili akaibana kwapani, mmoja kila upande, na wa tatu akawa anautafuna huku akitembea barabarani. Msichana mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni kwao alimwona akipita hivyo. Msichana huyo ni Deborah, aliyekuja kuwa mke wake. Mkumbukeni, atarudi katika kisa hiki.

Miaka michache baadaye, Franklin ameshakuwa fundi wa chapa mwenye kiwanda chake, ndipo alipoazimia kujirekebisha. Alidhani itakuwa kazi rahisi. Alijua jema ni lipi na baya ni lipi, basi kwa nini asitende jema kila wakati? Lakini kila alipojilinda na kosa moja, kosa jingine lilimjia kutoka upande ambao hakuutazamia. Akigombana na uvivu, ulimi unamponyoka. Akiuzuia ulimi, anakuta amekula kupita kiasi. Akatambua kwamba kulijua jema na kulitamani hakutoshi, kwa kuwa mazoea ya zamani yana nguvu kuliko nia. Lazima mazoea yale yang'olewe, na mengine yapandwe mahali pake.

Basi akaandika orodha ya fadhila 13. Miongoni mwake zilikuwamo kiasi katika kula na kunywa, kunyamaza, utaratibu, bidii, unyofu, haki, usafi na utulivu. Unyenyekevu aliuongeza mwishoni, baada ya rafiki yake mmoja kumwambia waziwazi kuwa watu wanamwona ana majivuno. Halafu akatengeneza kijitabu. Kila ukurasa ulikuwa na safu saba kwa siku saba za juma, na mistari 13 kwa fadhila 13. Jioni alijihoji, na kwa kila kosa aliweka kitone cheusi mahali pake. Hakuzishika fadhila zote kwa pamoja. Juma la kwanza alikazania mstari wa kwanza tu, ubaki mweupe, na mistari mingine akaiacha iende kama ilivyozoea. Juma la pili akajaribu kuiweka safi mistari miwili. Kwa majuma 13 alimaliza mzunguko mmoja, na kwa mwaka mizunguko minne.

Vitone vilikuwa vingi kuliko alivyotarajia. Kila alipoanza mzunguko mpya alivikwangua vya zamani ili apate nafasi, mpaka karatasi ikatoboka. Ikabidi ahamishie jedwali kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu, mistari akaipiga kwa wino mwekundu usiofutika, na vitone akaviweka kwa penseli, ili avifute kwa sifongo lenye maji.

Utaratibu ndio uliomshinda zaidi. Karatasi zake zilizagaa na vitu havikukaa mahali pake. Yeye mwenyewe anasimulia kisa cha mtu aliyenunua shoka kwa mhunzi, akataka bapa lote ling'ae kama makali yake. Mhunzi akakubali, mradi mteja azungushe gurudumu la kunolea. Yule bwana akazungusha, akazungusha, mkono ukamchoka. Shoka bado lina madoa. Mhunzi akamhimiza aendelee, litang'aa tu. Mteja akasema hapana, nalipenda lenye madoa. Franklin alikiri kwamba kuna siku naye alijiona kama mteja huyo. Hata hivyo, uzeeni alipoandika habari za maisha yake, alisema hakuufikia ukamilifu, lakini kule kujaribu kulimfanya awe mtu bora na mwenye furaha kuliko ambavyo angekuwa bila kujaribu.

Kwa nini kitone cha penseli kiweze kumbadilisha mtu? Hapa inatupasa turudi nyuma zaidi ya miaka 2,000, hadi Ugiriki.

Mwaka 384 kabla ya Kristo, katika mji mdogo wa Stagira, alizaliwa mtoto wa tabibu, jina lake Aristotle. Akiwa na miaka kama 17 alikwenda Athens kusoma kwa Plato, akakaa huko takriban miaka 20. Baadaye alimfundisha Alexander wa Makedonia, kisha akarudi Athens na kufungua shule yake. Kitabu chake kuhusu maadili mema bado kinasomwa katika vyuo vikuu duniani kote. Humo anauliza: wema unatoka wapi? Tunazaliwa nao, au tunafundishwa kwa maneno?

Jibu lake ni kwamba hatuzaliwi nao kama tunavyozaliwa na macho. Jiwe, asema, ni la kuanguka chini. Lirushe juu mara elfu kumi, halitajifunza kupaa. Binadamu si hivyo. Sisi tumeumbwa na uwezo wa kuzoezwa, na tunaukamilisha uwezo huo kwa kutenda. Mpiga kinubi huwa hodari kwa kupiga kinubi, mjenzi kwa kujenga, na kwa njia hiyo hiyo mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, na jasiri kwa kutenda ya kijasiri. Wengine, asema, hukimbilia kwenye mazungumzo kuhusu wema wakidhani maneno yatawafanya wema, mfano wa wagonjwa wanaomsikiliza tabibu kwa makini halafu hawafanyi hata moja katika aliyowaagiza. Wazee wetu wa pwani walilisema kwa ufupi: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Najua mmoja wenu ataniuliza swali gumu. Nitatendaje haki kabla sijawa mwenye haki? Na nikishazoea, nikawa natoa salamu na sadaka bila hata kufikiri, wema huo ni wangu kweli, au nimekuwa kama saa ya ukutani?

Aristotle aliliona swali hilo. Mtoto anayejifunza kuandika, alisema, anaweza kuandika neno sahihi kwa bahati, au kwa kuwa mwalimu amemshika mkono. Neno ni sahihi, lakini mtoto bado hajajua kuandika. Atakuwa amejua siku atakapoliandika kutokana na ujuzi ulio ndani yake. Vivyo hivyo katika wema: kitendo hukamilika pale mtu anapojua analotenda, akalichagua kwa sababu lenyewe ni jema, na akalitenda kwa tabia iliyotulia, isiyoyumba leo na kesho. Kwa hiyo mazoea anayoyataka ni yale yaliyo na macho. Na ana kipimo kizuri: tazama unachokifurahia. Anayetoa huku roho inamuuma bado yuko njiani. Anayetoa na moyo wake ukakunjuka, huyo amefika.

Mafundisho haya hayakubaki Ugiriki. Katika karne ya 9 kitabu hicho cha Aristotle kilitafsiriwa kwa Kiarabu, wanachuoni wa Kiislamu wakakisoma, wakakihoji, na wakayapima mawazo yake kwa dini yao. Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufundisha Baghdad hadi mwaka 1095, aliandika kwa kina jinsi nafsi inavyozoezwa. Ushauri wake kwa bahili haukuwa akae angoje moyo wake ulainike. Alimtaka atoe. Atoe kwa kujilazimisha, tena na tena, mpaka kutoa kuwe tabia yake na uzito umtoke. Mwenye kiburi naye atende vitendo vya wanyenyekevu muda mrefu mpaka vimkae. Kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, masheikh wa pwani yetu wanakijua na kukisomesha, kwa hiyo huenda babu zenu waliwahi kusikia mawazo haya darasani bila kujua kwamba baadhi yake yana undugu na ya Mgiriki yule.

Kufikia hapa mngeweza kwenda zenu mkatengeneza vijitabu, nami ningefurahi. Lakini kisa hakijafika penye uzito wake.

Itazameni tena orodha ya Franklin. Fadhila ya nane ni haki: kutomdhulumu mtu kwa kumtendea ubaya, wala kwa kumnyima lililo wajibu wako kwake. Sasa ingieni nyumbani kwake. Mtamkuta Peter. Mtamkuta Othello. Hawa walikuwa watumwa wa nyumba ile. Gazeti la Franklin, ambalo lilimletea utajiri, lilichapa matangazo ya kuuza watu na ya kusaka waliotoroka. Mtu huyu alijihoji jioni kama amepoteza muda au amesema neno la upuuzi, na katika maelezo yake yote marefu kuhusu kijitabu chake, hasemi popote kwamba aliweka kitone kwa ajili ya Peter.

Hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua. Alikuwa na nia njema, akili kali na bidii ya kujichunguza kuliko watu wengi waliowahi kuishi, na bado jambo kubwa kuliko yote lilipita mbele ya macho yake kila siku asilione. Na Aristotle mwenyewe, mwalimu mkuu wa mazoea? Katika kitabu chake kuhusu siasa aliandika kwamba wako watu ambao kwa maumbile yao wanafaa kuwa watumwa. Athens yote iliishi kwa jasho la watumwa. Alizaliwa akaikuta hali hiyo, akaizoea, kisha akaitafutia hoja. Uvivu wako wewe majirani watauona na kukwambia. Lakini dhuluma wanayoifanya wote, kila nyumba, kila siku, nani atakayekunyooshea kidole?

Philadelphia alikuwapo wa kunyoosha kidole. Huyo ndiye Benjamin wetu wa pili, Benjamin Lay.

Lay alizaliwa Uingereza mwaka 1682. Alichunga kondoo, akashona glavu, akafanya kazi ya ubaharia. Kisha yeye na mkewe Sarah wakaishi Barbados, kisiwa cha mashamba ya miwa, wakafungua duka. Huko waliona watu wakifanyishwa kazi mpaka wanaanguka, na watu wenye njaa wakiokota vyakula vilivyooza. Hawakuisahau hali hiyo maisha yao yote. Mwaka 1732 walihamia Philadelphia. Walikuwa waumini wa Marafiki, wale ambao Waingereza huwaita Quaker, na ambao wamisionari wao walikuja kufika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Marafiki walisifika kwa kupenda amani na usawa. Huko Philadelphia, Lay akawakuta Marafiki matajiri wanamiliki watumwa.

Lay naye alitumia mazoea, lakini aliyaanzia mahali tofauti kabisa. Alitazama sahani yake na nguo zake, akauliza kila kitu kimetoka mikononi mwa nani. Sukari ilitokana na watumwa, basi akaiacha. Hakuvaa nguo iliyopatikana kwa jasho la mtumwa, alijisokotea uzi akajitengenezea nguo mwenyewe. Hakula nyama. Alikataa kula katika nyumba yenye mtumwa. Kwa hiyo kila alipoketi kula, chakula chenyewe kilimkumbusha watu wa Barbados. Dhamiri yake haikupata nafasi ya kusinzia.

Siku moja ya baridi kali alisimama mlangoni pa nyumba ya ibada, mguu mmoja hauna kiatu, ameuzamisha kwenye theluji. Waumini waliopita wakamwonea huruma, wakamsihi asije akaugua. Akawajibu kwamba wanamhurumia yeye, ilhali watumwa wao wanashinda mashambani majira yote ya baridi wakiwa nusu uchi, na hakuna anayewahurumia.

Mwaka 1738 Marafiki walikusanyika Burlington, ng'ambo ya mto, kwa mkutano wao mkubwa wa mwaka. Lay akaingia amejifunika joho. Ndani yake alivaa sare ya kijeshi na upanga, mambo ambayo Marafiki hawayataki kabisa. Mkononi alikuwa na kitabu alichokitoboa katikati, akaficha humo kibofu kilichojaa maji mekundu ya matunda ya porini. Zamu yake ya kusema ilipofika alivua joho, akawaambia kwamba Mungu atamwaga damu ya wanaowafanya wenzao watumwa, kisha akakichoma kitabu kwa upanga. Maji mekundu yakawarukia wenye watumwa waliokaa karibu. Walimbeba wakamtoa nje. Marafiki walishamkana, na hawakumrudisha maisha yake yote.

Lay aliandika pia kitabu cha kuwalaani wenye watumwa. Nani alikichapa? Benjamin Franklin. Kabla ya hapo, mwaka 1729, kiwanda chake kilikuwa kimechapa kitabu cha Ralph Sandiford, naye akipinga utumwa. Wino wa maneno hayo ulipita mikononi mwa Franklin, na bado nyumbani kwake waliishi watumwa.

Aristotle alisifu wastani. Ujasiri, alifundisha, uko kati ya woga na kujitosa hatarini kwa pupa, na ukarimu uko kati ya ubahili na ubadhirifu. Watu wa Philadelphia walimwona Lay amevuka kila mpaka, na nakubali kwamba alikuwa mtu mgumu wa kuishi naye. Lakini mwalimu yule yule aliandika pia kwamba yako mambo yasiyo na wastani. Hakuna kuua kwa kiasi, wala kuiba kwa kiasi. Lay aliuweka utumwa katika fungu hilo wakati karibu mji mzima uliuona kama desturi ya nyumbani. Kwa hiyo mkiniuliza ni yupi kati ya wawili hawa aliyejua zaidi maana ya mazoea mema, nitamtaja Lay bila kusita.

Lakini Franklin hakubaki pale pale. Mwaka 1758, akiwa London, alimwandikia mkewe akishangaa amepataje picha ya Ben Lay. Deborah, yule msichana wa mlangoni, alikuwa amepata picha iliyochorwa ya mtu yule ambaye mji mzima ulimcheka. Mwaka huo huo mkutano wa Marafiki wa Philadelphia uliamua kuwatenga na shughuli zake wale wanaonunua na kuuza watu. Lay alizipata habari hizo kabla ya kufa mwaka 1759. Mwanaume mwingine, King, mtumwa wa William mwana wa Franklin, aliyekuwa amepelekwa Uingereza pamoja nao, aliona hana haja ya kungoja mtu amalize kujihoji. Alitoroka. Walipokuja kusikia habari zake, alikuwa kwa mama mmoja wa Suffolk, na mama huyo amewezesha afundishwe kusoma, kuandika na kupiga fidla.

Mwaka 1763 Franklin alizuru shule ya watoto weusi Philadelphia. Akawatazama wakisoma, akawasikiliza wakijibu maswali. Baada ya hapo aliandika kwamba maoni yake juu ya akili za watu weusi yamebadilika, kwa kuwa amewaona watoto hao wanaelewa upesi na kukumbuka sawa na watoto wa kizungu. Alikuwa na umri wa miaka 57. Hata baada ya hapo hakwenda haraka. Ni mwaka 1787 tu ndipo alipokuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupigania kukomeshwa kwa utumwa. Februari 1790 alitia saini ombi la chama hicho kwa Bunge la Marekani, wabunge wa kusini wakalipinga kwa hasira, na ombi likawekwa kando. Tarehe 17 Aprili alifariki, akiwa na miaka 84. Utumwa ulipigwa marufuku Marekani nzima mwaka 1865.

Sasa nina ombi kwenu. Tengenezeni vijitabu, kwa kuwa vinasaidia kweli. Chagueni mstari mmoja, mkauhifadhi juma moja. Lakini mkifika kwenye mstari wa haki, msijihoji peke yenu kama alivyofanya Franklin. Nyumbani kwenu huenda yuko dada wa kazi anayeamka wa kwanza, anayelala wa mwisho, na anayekula jikoni wengine wakishamaliza. Shuleni yuko mwenzenu ambaye darasa zima limezoea kumwita kwa jina la kejeli, na hakuna anayelisikia tena kuwa ni tusi. Kabla ya kuuacha mstari huo mweupe, mwendeeni mtu huyo mmwulize ametendewaje leo, na kitone mkiweke kulingana na jibu lake.